MAMA WA KIJIJINI NA MKOPO: NI NANI ABEBAYE HASARA?



Katika zama zetu hizi ni machache yanayosemwa katika mikutano ya maendeleo kuliko haya ya kumwezesha mwanamke wa kijijini. Serikali huyasema, mashirika ya nchi tajiri huyasema, na benki nazo huyasema. Mama anayesuka mikeka, anayefuga kuku watano au anayekaanga samaki njiani huambiwa kwamba yeye ni mjasiriamali, na kwamba alichopungukiwa ni mtaji tu. Akipata mtaji, hesabu imekwisha: atanunua, atauza, atapata, atalipa, na nyumba yake itanyanyuka.

Hatusemi kwamba maneno haya ni ya uwongo. Wako kina mama walioinuka kwa njia hiyo, na yeyote akataaye ukweli huu anawadhulumu. Lakini sisi tuliopewa akili na dini yafaa tuulize jambo ambalo katika mikutano hiyo huulizwa kwa nadra. Huulizwa mama atapata kiasi gani mambo yakenda sawa. Je, mambo yakenda kombo, mbuzi akafa, mvua ikakatika, bahari ikageuka, ni nani atakayebeba hasara?

Swali hili ni la uadilifu kabla ya kuwa la hesabu. Kwa jibu lake ndipo anapopambanuka msaidizi wa kweli na yule aliyevaa joho la msaidizi.

MALI YA MWANAMKE NI YAKE

Kwanza na tuliweke wazi jambo moja, maana wako wanaodhani kwamba kumtafutia mwanamke kazi ya kipato ni mambo yaliyoletwa na wageni. Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nisaa aya ya 32, imebainisha kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake vile vile wana fungu katika walichokichuma. Mwanamke wa Kiislamu aliweza kumiliki, kuuza, kununua na kurithi kwa jina lake mwenyewe karne nyingi kabla ya sheria za Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1882, kumruhusu mke kumiliki mali yake mbali na mumewe.

Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka, na wenye kuandika sira wameeleza kwamba akiwapa watu mali yake waifanyie biashara kwa fungu la faida. Bibi Zaynab binti Jahsh (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa fundi wa ngozi, akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka katika pato lake. Basi mwanamke kuchuma si bid'a. Kinachotupasa kukichungua ni masharti anayowekewa na hao wanaomwambia kwamba wanamsaidia kuchuma.

YALIYOANZA JOBRA

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote umetoka Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi na ya wakulima wengi. Mwaka 1974 nchi hiyo ilipatwa na njaa kubwa. Mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, Muhammad Yunus, aliona kwamba elimu anayoifundisha darasani haimsaidii kitu mtu anayekufa njaa nje ya mlango. Akaingia katika kijiji cha jirani kiitwacho Jobra.

Huko alimkuta mwanamke anayetengeneza vigoda vya mianzi. Hakuwa na fedha za kununulia mianzi, kwa hiyo alikopa mianzi hiyo kwa mchuuzi, kwa sharti kwamba kila kigoda atamuuzia mchuuzi huyo huyo, kwa bei atakayoitaja mchuuzi. Baada ya kutwa nzima ya kazi, alibakiwa na nusu ya taka moja, fedha isiyotosha hata chakula cha siku. Mwaka 1976 Yunus aliwahesabu watu 42 katika kijiji hicho waliokuwa katika hali kama hiyo, na fedha yote waliyokuwa wakiihitaji ili wajikomboe ilikuwa taka 856, ambazo hazikufika dola 30 za Marekani. Akaitoa mfukoni mwake.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi dhulma inavyoweza kuwa kubwa na bei ya kuiondoa ikawa ndogo. Mchuuzi yule hakumwibia mama yule. Alimpa mali na akanunua bidhaa yake. Lakini kwa kushika mikononi mwake milango yote miwili, wa kuingilia mali na wa kutokea bidhaa, alikuwa amemshika mama mwenyewe.

Kutokana na taka hizo 856 ikazaliwa Benki ya Grameen, iliyopewa sheria yake mwaka 1983. Iliwakopesha maskini wasio na dhamana, na takriban wote ni wanawake. Waliwekwa katika vikundi vya watu watano watano, na aliyechelewa kulipa aliweza kuwakwamisha wenzake wasipate mikopo yao. Mwaka 2006 benki hiyo na mwanzilishi wake walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na dunia nzima ikaiga mtindo huo, kuanzia Bolivia hadi nchi zetu za Afrika Mashariki.

MAFURIKO YALIPOKUJA

Lakini yafaa tukumbuke kwamba Grameen haikutoa sadaka, wala haikutoa karadha njema isiyo na nyongeza. Ilikopesha kwa riba, na kwa mikopo ya biashara riba hiyo ilikuwa asilimia 20 kwa mwaka. Wenyewe walisema, na wana hoja, kwamba walanguzi wa vijijini walitoza mara nyingi zaidi ya hapo. Kwetu sisi riba ni haramu hata ikiwa ndogo. Hata hivyo hebu tuliweke suala la uharamu kando kidogo, tutazame hekima iliyomo ndani ya uharamu huo.

Mwaka 1998 mafuriko yalifunika karibu theluthi mbili ya Bangladesh kwa wiki nyingi. Ng'ombe walikufa, mpunga ukaoza, kuku wakachukuliwa na maji. Je, deni lilichukuliwa na maji pia? La, deni halikuzama. Yule mama ambaye ng'ombe wake alikuwa ndiye mtaji, faida na akiba yake yote, alisimama juu ya matope hali anadaiwa ng'ombe ambaye hayupo duniani. Wengi walishindwa kulipa, na benki yenyewe ikatikisika. Hatimaye, kufikia mwaka 2002, benki ilibadili utaratibu wake, ikaacha ukali wa kikundi, na ikaweka njia ya kumpangia upya malipo mkopaji aliyepatwa na shida. Hili ni la kusifiwa. Lakini ona kwamba lililobadilishwa ni muda wa kulipa. Hasara yenyewe ilibaki begani kwa mama.

Na je, mkopo huo huingia kweli mikononi mwa mwanamke? Watafiti wawili, Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta, walichapisha mwaka 1996 uchunguzi wao kuhusu mikopo ya wanawake wa vijijini huko huko Bangladesh. Waliona kwamba ni kiasi cha asilimia 37 tu ya mikopo ambayo wanawake waliishika wenyewe kwa ukamilifu au kwa sehemu kubwa. Iliyosalia ilishikwa zaidi na waume au jamaa wa kiume, huku mwanamke akibaki na jina katika daftari na dhima ya kulipa. Fedha ilipita mkononi mwake kama maji yapitavyo katika mfereji: mfereji huloa, lakini haunywi.

Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Hazikuona maangamizi ambayo wapinzani wa mikopo walikuwa wakiyatangaza, wala hazikuona miujiza iliyokuwa ikitangazwa na wenye mikopo. Baadhi ya watu walipanua biashara walizokuwa nazo. Lakini kwa wastani, kipato cha nyumba hakikunyanyuka kwa kiasi cha kumtoa mtu katika umaskini.

Na pale tamaa ilipoingia, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, makampuni ya mikopo yalishindana kuwakopesha wanawake wale wale wa vijijini, mama mmoja akidaiwa na wakopeshaji watatu au wanne. Mwezi wa Agosti 2010 kampuni moja kubwa miongoni mwao iliuza hisa zake sokoni, na wenye hisa wakatajirika. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule serikali ya jimbo ilitoa amri ya kuyadhibiti makampuni hayo, baada ya habari za wakopaji waliojiua kwa madeni. Kitu kilichoanza kwa huruma kilikuwa kimegeuka uwindaji.

NA SISI TUNA MWANI WETU

Ndugu msomaji, huenda ukasema hayo ni ya Bara Hindi. Basi njoo tutazame pwani yetu wenyewe.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kutoka hapo kilienea Pemba na mwambao wa Bara. Zaidi ya robo tatu ya wakulima wake Zanzibar ni wanawake. Maji yakitoka wakati wa bamvua, utawaona wameinama na kanga zimeloa hadi kiunoni, wakifunga vipande vya mwani katika kamba zilizokazwa kwa vigingi. Zao lao husafirishwa ng'ambo, likatolewa utomvu mzito unaotiwa katika vyakula, dawa ya meno na vipodozi.

Kheri zake hazifichiki. Wako kina mama waliojenga nyumba, waliosomesha watoto, na walioshika kwa mara ya kwanza fedha ambayo hawakumwomba mtu. Lakini ebu utazame mpango wenyewe. Makampuni ya wanunuzi yaliwapa wakulima kamba na vifaa, na wakulima wakatakiwa kuyauzia makampuni hayo hayo, kwa bei waliyoitaja wanunuzi. Je, haikukumbushi mianzi ya Jobra? Milango miwili, na ufunguo ni mmoja.

Kisha likaja la Mwenyezi Mungu. Kuna aina mbili kubwa za mwani huo: spinosum, ambao bei yake ni ndogo, na cottonii, ambao bei yake ni nzuri zaidi. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, cottonii ilianza kudhoofika na kufa katika sehemu nyingi, na wataalamu wakataja kuongezeka kwa joto la maji ya bahari. Mnunuzi akakosa faida ya msimu, akaagiza kwengine. Mama wa Paje akakosa jasho lake la miezi, na hakuwa na pa kuagiza. Bahari ile ndiyo shamba lake, na hana nyingine.

Waama wako waliojitahidi. Kuanzia mwaka 2006 wataalamu wa baharini wa Zanzibar na vikundi vya wakulima walianza kushirikiana katika mpango wa kuuongezea mwani thamani hapa hapa nchini, na kina mama wa vijiji kama Bweleo wakatengeneza sabuni za mwani na kuziuza wenyewe. Hapa mlango wa pili umeanza kufunguka, na huo ndio msaada wenye maana, maana unampa mtu njia ya kutokea.

SHERIA IMESEMA NINI?

Tukiirudia dini yetu, tutakuta kwamba imeweka njia tatu kubwa za mwenye mali kumfaa asiye na mali, na katika kila njia hasara imepangiwa mwenyewe.

Njia ya kwanza ni kutoa: zaka na sadaka. Hapa mwenye mali ameitoa mali yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na mbuzi akifa, hapana deni.

Njia ya pili ni karadha njema. Mkopeshaji harudishiwi zaidi ya alichokitoa. Na Suratul Baqara, aya ya 280, imeamuru kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda mpaka awe na wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Maana yake ni kwamba mkopeshaji Mwislamu, tangu siku ya kwanza, ameingia huku anajua kwamba huenda akangoja, na huenda akasamehe.

Njia ya tatu ni ushirika wa mtaji na kazi, yaani mudharaba, ndiyo njia ya biashara ya Bibi Khadija. Faida hugawanywa kwa mafungu waliyokubaliana. Ngamia akifa njiani bila ya uzembe wa msafiri, mwenye mali hupoteza mali yake, na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Kila mmoja amepoteza alichokileta, wala hapana anayempokonya mwenziwe.

Sasa ilinganishe riba na njia hizi tatu. Mwenye riba hakutoa, hakungoja, wala hakushiriki. Ameiuza fedha yake kwa faida iliyo yakini, na akamwachia mama wa kijijini kila kisicho yakini: mvua, maradhi ya kuku, bei ya soko, na joto la bahari. Aliye na uwezo mkubwa wa kubeba hasara ameikwepa, na aliye dhaifu kuliko wote ametwikwa. Hii ndiyo dhulma iliyomo ndani ya riba, na haiondoki kwa jina la riba kubadilishwa likaitwa ada ya huduma. Ndio maana watu wa Tanzania, kwa ulimi wao mkali, wameibandika mikopo fulani ya mitaani jina la "kausha damu".

Na kuna jambo jingine la ajabu katika Suratul Baqara, ambalo wengi hulipita. Aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana madeni. Imeamuru kwamba anayesema yaandikwe nini awe yule mwenye kudaiwa, na kama ni dhaifu, basi msimamizi wake aseme kwa ajili yake. Leo huwa kinyume chake. Karatasi huandikwa na mkopeshaji, kwa lugha ya wanasheria, na mama huonyeshwa pa kutia dole gumba. Lau aya hii moja ingefuatwa, karatasi ikawa haina neno hata moja asiloweza kulisema mdaiwa kwa kinywa chake, mitego mingi ingevunjika.

HOJA YA WANAOPINGA

Atatokea mtu aseme: "Bwana, hayo ni mazuri msikitini. Ukimwambia mtu kwamba hasara si yake, atalala usingizi. Mfuko utakauka, na maskini wa kesho hatapata kitu."

Hoja hii ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Tanzania Bara ilitunga sheria mwaka 2018 kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, wakopeshwe bila ya riba. Ni sheria njema. Lakini mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu fedha nyingi hazikurejeshwa, na miongoni mwa vikundi vilivyokopeshwa vilikuwamo vya hewa. Ilifunguliwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Basi kuondoa riba peke yake hakutoshi pale uaminifu unapokosekana.

Lakini jibu la hoja hii limo ndani ya sheria yetu. Mafakihi wametenganisha hasara iliyokuja kwa kadari na hasara iliyokuja kwa uzembe au hiana. Ya kwanza haimlazimu mwenye kazi, ya pili inamlazimu. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha kulipa deni ni dhulma, na ilikuwa akiletewa jeneza huuliza kama maiti ana deni kabla ya kumsalia. Dini haikulegeza deni. Imetaka ajulikane asiyeweza na asiyetaka, na kuwajua watu hawa wawili kunahitaji mtu atakayefika kijijini, akaliona banda la kuku na kuuliza majirani. Kunahitaji ujirani, na mkopeshaji aliye mbali huona ujirani ni gharama.

Wala usidhani kwamba njia hizi haziwezekani. Mwaka 2001 Dr. Amjad Saqib alianzisha Lahore, Pakistan, jumuiya iitwayo Akhuwat, jina lenye maana ya udugu. Ilianza kwa mkopo wa rupia 10,000 kwa mjane mmoja, bila ya riba. Mikopo yake hutolewa misikitini, na makanisani pia, mbele ya watu, na imekwisha kuwakopesha mamilioni. Aliyekopa jana hutia chake kidogo leo ili mwenziwe akopeshwe kesho.

Huko Bangladesh nako, shirika la BRAC, lililoasisiwa mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, liligundua kwamba mikopo haiwafikii walio hoi kabisa, maana hao huogopa kukopa, na wanayo haki ya kuogopa. Basi mwaka 2002 lilianza mpango mwingine: mwanamke alipewa ng'ombe au mbuzi bure, akapewa na posho kidogo ili asije akamla mbuzi huyo kwa njaa, na kwa muda wa miaka miwili alitembelewa na kufundishwa. Mpango wa namna hiyo ulipojaribiwa Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mali na chakula cha nyumba hizo kwa jumla viliongezeka, na faida ilibaki hata mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Nao wale waliopewa bure hawakulala usingizi. Walifanya kazi zaidi, kwa kuwa sasa walikuwa na kitu cha kukifanyia kazi.

WAJIBU WETU

Baada ya hayo, ndugu msomaji, jambo hili linarudi nyumbani kwako na kwangu.

Wewe mama unayeitwa katika kikundi, usione haya kuuliza. Kabla ya kutia dole lako, mwambie mwenye karatasi: "Mbuzi akifa, itakuwaje? Nikiugua, itakuwaje? Bidhaa yangu naweza kumuuzia nimtakaye? Nisomee kwa Kiswahili, na shahidi wangu asikie." Atakayekasirika kwa maswali haya amekwisha kukujibu. Na ukumbuke kwamba upatu mnaocheza na jirani zako, kila mmoja akipokea kwa zamu yake bila ya nyongeza, nao ni mtaji. Bibi zetu waliweka akiba kwa njia hiyo kabla ya benki kufika vijijini, na dhamana yao ilikuwa ni kujuana.

Wewe mume, tambua kwamba matumizi ya nyumba ni wajibu wako, na pato la mkeo halikuufuta wajibu huo. Zaynab, mke wa Abdullahi bin Mas'ud (r.a.), alipouliza juu ya kumsaidia mumewe na mayatima waliokuwa chini yake kwa mali yake, Mtume (s.a.w.) alimpa habari kwamba ana malipo mawili: ya ujamaa na ya sadaka. Sadaka, ndugu yangu! Basi mkeo akinunua unga kwa fedha ya mwani, amekutolea sadaka, nawe mshukuru. Ama kumtuma akope kwa jina lake ili ule wewe, kisha yeye ndiye afuatwe na wadai mlangoni, hiyo ni khiyana kwa mwenzio.

Na sisi sote, watu wa misikiti na madrasa, tusiishie kuwahutubia kina mama juu ya uharamu wa riba huku hatukuwawekea mlango mwingine. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja mafungu manane ya zaka, na mojawapo ni wenye madeni. Hapo ndipo Uislamu ulipoiwekea hasara nyumba yake: mama aliyekopa kwa halali, akafanya kazi kwa uaminifu, kisha shamba lake likapata msiba, deni lake lina fungu katika mali za matajiri wa Kiislamu. Ni mara ngapi tumeligawa fungu hilo? Zaka zetu nyingi huishia katika sarafu za kugawa mlangoni, zisizomtoa mtu katika shida hata ya wiki moja. Lau watu wa mtaa mmoja wangekusanya zaka yao, wakamnunulia mama mmoja mbuzi wawili kila mwaka, na wakamlipia mmoja deni lililomshinda, baada ya miaka kumi mtaa huo ungekuwa na watoaji zaidi na wapokeaji wachache zaidi.

Basi atakapokujia mtu na mpango wa kumwinua mwanamke wa kijijini, usimtazame uzuri wa picha zake wala wingi wa hesabu zake. Muulize lile swali moja: siku ya hasara, wewe utakuwa wapi? Akisema, "Nitakuwa pamoja naye," mpokee, awe mgeni au mwenyeji. Akisema, "Nitakuwa mlangoni kwake nikidai," umekwisha kumjua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono ya mama zetu, awaondolee wenye madeni uzito wa madeni yao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaopunguza mizigo ya wenzao. Amin.